Vuguvugu bila bosi: kwa nini anayebaki kikaoni hadi usiku ndiye anayeamua?

Mwanabaraza (#1)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, mnivumilie. Nauandika kwa ajili ya yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha harakati kisicho na bosi, watu wote wakiwa sawa, kisha akatoka usiku mkubwa akijiuliza uamuzi uliopitishwa ni wa nani hasa.

Naanza na mtu mmoja, John Lewis wa Marekani, mpigania haki za watu weusi. Kuna mambo mawili yaliyomkuta, yamepishana kwa miaka 45, na ukiyaweka pamoja unaliona tatizo lote.

Aprili 1960 wanafunzi waliokuwa wakigoma kuondoka kwenye migahawa iliyowabagua watu weusi walikutana Chuo Kikuu cha Shaw mjini Raleigh. Aliyewaita ni Ella Baker, mama mwenye uzoefu wa miaka mingi wa kuunganisha watu, naye akawashauri wasikubali kugeuzwa tawi la vijana la shirika lolote kubwa. Ndipo ikazaliwa SNCC, kamati ya wanafunzi ya kuratibu harakati zisizotumia vurugu. Walizoea kujadiliana hadi waafikiane, na sababu yao ilikuwa nzito. Ukienda kuandikisha wapiga kura vijijini Mississippi miaka ile, unaweza kuuawa. Wingi wa mikono kikaoni haumpi mtu haki ya kumtuma mwenzake kwenye hatari hiyo. Kwa hiyo walizungumza mpaka kila anayekwenda awe amekubali mwenyewe kwenda.

Lewis alikuwa mwenyekiti wao tangu 1963. Kufikia 1966 alikuwa amekamatwa mara nyingi na amevunjwa fuvu na askari polisi kwenye maandamano ya mji wa Selma, Alabama. Mei mwaka huo walikutana Kingston Springs, Tennessee, wakapiga kura ya mwenyekiti, Lewis akashinda. Akainuka mtu akapinga uhalali wa uchaguzi. Mjadala ukafunguliwa upya, ukaendelea hadi karibu na alfajiri, na wengi wakawa wameshakwenda kulala. Waliobaki wakapiga kura nyingine. Stokely Carmichael, mwanaharakati mwenzao, akatoka mwenyekiti.

Sisemi Carmichael hakuwa na hoja. Ndani ya SNCC palikuwa na tofauti ya kweli kuhusu njia ya kufuata, na huenda angeshinda hata mchana kweupe. Ninachosema ni kwamba kura ya kwanza ilipigwa na kundi moja na ya pili ikapigwa na kundi lingine, na kilichoyatenganisha makundi hayo ni nani alikuwa bado macho.

Sasa njoo Oktoba 2011, Atlanta. Vuguvugu la Occupy, la watu waliopiga kambi viwanjani kupinga pengo kati ya matajiri na wengine, lilikuwa limeanza New York mwezi Septemba na kusambaa miji mingi. Watu wamekusanyika kwenye bustani ya Woodruff, kikao kinaendeshwa kwa ishara za mikono, na kila sentensi ya msemaji inarudiwa na umati ili walio nyuma wasikie. Anafika John Lewis, sasa mbunge, mzee wa miaka 71. Linatolewa pendekezo asalimie. Wengi wanapunga vidole juu kuonyesha wanakubali. Kijana mmoja anapinga: hakuna mtu aliye na thamani kuliko mwingine, na ajenda imeshapangwa, tusiikatishe. Mwafaka ukakosekana. Lewis alikuwa na miadi kwingine, akaondoka bila kusema neno. Baadaye alieleza kwamba hakukasirika.

Mara ya kwanza utaratibu ulilegea mno, kura ikarudiwa usiku. Mara ya pili utaratibu ulikaza mno, mtu mmoja akatosha kuwazuia mamia. Watu husoma visa hivi viwili wakaanza kubishana: kura ya wingi au mwafaka? Nauona ubishi huo haugusi penyewe. Ukiangalia vizuri, katika visa vyote viwili sheria iliyotawala haikuandikwa popote. Aliyekuwa na muda, na aliyekuwa na ujuzi wa kuutumia utaratibu, ndiye aliyekuwa na nguvu.

Hili ndilo ninalolileta. Katika vuguvugu lisilo na vyeo, muda ni cheo. Mwenye zamu ya alfajiri hana. Mwenye mtoto mchanga hana. Mgonjwa hana. Anayekaa mbali hana. Wao huja, husikiliza saa mbili za salamu na marekebisho ya ajenda, kisha huondoka kabla jambo lenyewe halijafikiwa. Kesho yake huambiwa "tuliamua". Wakiuliza nani aliamua, hujibiwa kwamba mlango ulikuwa wazi kwa wote.

Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo vya kutosha kujua kwamba waliobaki usiku si watu wabaya. Mara nyingi ndio wanaojitolea kuliko wote. Lakini kujitolea sana hakumpi mtu haki ya kuwaamulia wengine.

Naomba kuwasilisha. Karibuni tujadili.

Jembe Kali (#2)

Mkuu, umeandika vizuri ila umezunguka sana. Dawa ya yote haya ni moja: chagueni kiongozi. Watu elfu tano hawawezi kuendesha kitu. Kila harakati iliyofika mahali ilikuwa na mtu wa kusema "twende" na watu wakaenda. Hizi za "sisi sote ni viongozi" huanza kwa kishindo, mwezi wa tatu hujui hata nani wa kumpigia simu.

Mwanabaraza (#3)

Mkuu Jembe Kali, hoja yako naipa uzito wake, maana kuna siku kikao kinachosha hadi mtu anatamani aje yeyote apige meza. Lakini watu hawakuikwepa njia ya kiongozi mmoja kwa ulimbukeni. Kiongozi anayejulikana anakamatwa, ananunuliwa, anatishwa yeye na familia yake, na akianguka anaanguka na wote.

Tazama Kenya Juni 2024. Vijana waliopinga Muswada wa Fedha walitangaza kwamba hawana kiongozi, hawana chama, hawana kabila. Mipango ilijadiliwa kwenye X, kwenye mazungumzo ya sauti ambayo yeyote angeweza kuingia na kusikiliza. Tarehe 25 Juni Bunge likaupitisha muswada, waandamanaji wakaingia hadi ndani ya majengo ya Bunge, na watu wakauawa. Kesho yake Rais Ruto akasema hatausaini. Serikali haikuwa na mtu wa kumwita pembeni ikamalizana naye. Hiyo ni nguvu halisi, si maneno ya kujifurahisha.

Ugumu ukaja baada ya hapo. Rais akapendekeza jukwaa la mazungumzo la watu 150, na vijana wengi wakalikataa. Nawaelewa. Angeenda nani, kwa idhini ya nani, akiwa na ruhusa ya kukubali nini? Kusema "hapana" hakuhitaji mjumbe, kila mtu anaisema kwa miguu yake barabarani. Kusema "tunataka hiki, na tutalegeza hapa lakini si pale" kunahitaji watu waliotumwa, na kutumwa kunahitaji chombo cha kutuma. Chombo hicho hakijengwi ndani ya wiki ya mapambano. Kinajengwa kabla, wakati wa utulivu, na kazi yake inachosha na haina picha nzuri.

Kwa hiyo mimi na wewe hatupo mbali sana. Wewe unataka mtu, mimi nataka njia ya kumtuma mtu na kumrudisha.

Dada wa Zamu (#4)

Kaka Mwanabaraza, asante kwa kulisema la muda. Mimi ni mmoja wa hao wanaoondoka mapema. Nilikuwa kwenye kamati ya wapangaji iliyopinga kuhamishwa. Kikao kilikuwa jioni, na mimi nilikuwa na watoto wawili wa kulisha na kulaza. Nikisimama kuondoka nilikuwa najua jambo la maana linafuata. Si kwamba walilipanga hivyo. Mambo rahisi huwekwa mwanzo ili "tuyamalize haraka", hayaishi haraka, na zito linabaki mwisho na watu wachache.

Nikuongezee jambo ambalo wanaume wengi hawalioni. Kulikuwa na kikao cha pili kisichotangazwa. Baada ya kikao watu sita saba walikuwa wanaendelea kuzungumza nje, hapo ndipo mawazo ya wiki ijayo yalipokuwa yanazaliwa. Wiki ijayo yanakuja mezani yakiwa yameshaiva, na wewe unayeyasikia mara ya kwanza unaonekana mbishi ukiuliza swali. Hakuna aliyenifungia mlango. Ila hakuna aliyeniambia pia.

Tuliomba mambo matatu tukapata mawili. La kwanza, jambo zito liwe la kwanza kwenye ajenda, si la mwisho. La pili, kila kikao kiwe na saa ya kufungwa na ikifika kinafungwa hata kama mtu yupo katikati ya sentensi. La tatu, kwamba wenye watoto wapangiwe mtu wa kuwaangalia watoto palepale, halikupita. Lilijadiliwa usiku, mimi nikiwa nimeshaondoka.

Mhasibu Mstaafu (#5)

Nimesoma mpaka hapa, na dada amenigusa. Naongeza la fedha, maana ndilo ninalolijua.

Huko New York, kwenye kambi ya Occupy pale bustani ya Zuccotti, michango iliwajia kwa kasi wasiyoitegemea, ikapita dola nusu milioni ndani ya majuma machache. Kila kikundi kazi, cha jiko, cha tiba, cha usafi, kilipaswa kurudi kwenye Mkutano Mkuu kuomba. Sasa fikiria mpishi anayelisha mamia, kila jioni asimame mbele ya umati aeleze kwa nini anahitaji fedha, na umati huo nusu yake ni wageni waliofika leo mchana na kesho hawapo. Wageni hao wana haki sawa ya kukataa. Kanuni yao ilikuwa kutafuta mwafaka, na ukishindikana, kupitisha kwa tisa ya kumi. Tisa ya kumi ya nani? Ya waliopo jioni hiyo.

Mwishoni mwa Oktoba waliona hali haiendi, wakaunda baraza la wawakilishi wa vikundi lishughulikie shughuli za kila siku na fedha. Wazo zuri, lakini lilichelewa. Polisi waliivunja kambi usiku wa kuamkia 15 Novemba.

Mimi nasema hivi: fedha isijadiliwe na umati kila siku, na isiachiwe watu wawili gizani. Umati upitishe bajeti ya mwezi mara moja. Kikundi kitumie ndani ya kiwango chake bila kuomba tena. Hesabu zibandikwe hadharani kila wiki, hadi ya sabuni. Ugomvi mwingi wa "demokrasia" niliousuluhisha ulikuwa ugomvi wa risiti.

Kijana wa Mtandao (#6)

Wakubwa zangu, shikamooni. Mbona mnateseka na vikao? Simu ipo. Weka swali kwenye kikundi, watu wapige kura kwa saa 24, anayelaza watoto anapiga akiwa kwake, mwenye zamu anapiga akiwa kazini. Tatizo la muda limekwisha.

Mwanabaraza (#7)

Marahaba kijana. Nusu yake uko sahihi, na nusu hiyo ni kubwa. Kura inayokaa wazi siku nzima inampa dada hapo juu kitu ambacho kikao cha usiku hakikumpa. Ningependa kila uamuzi mzito upite njia hiyo.

Nusu nyingine nikupe kisa cha Hong Kong. Tarehe 21 Juni 2019 waandamanaji walizingira makao makuu ya polisi. Jioni watu wakaulizana: tubaki au twende nyumbani? Kura ikapigwa kwenye Telegram, programu ya ujumbe wa simu, kikundi cha watu wapatao elfu nne, na wengi wakachagua kubaki. Haraka, bila kiongozi, bila kikao. Lakini jiulize, kati ya waliobonyeza "tubaki", wangapi walikuwa pale mlangoni, na wangapi walikuwa wameketi kwao? Skrini haitofautishi. Anayekaribia kupigwa virungu na anayefuatilia kutoka mbali wana kura moja moja. Hapo ile sababu ya SNCC inarudi. Kura ya asiye na hatari inamtuma mwenye hatari.

Na lipo la pili. Kura ya simu inahesabu majibu, haitungi swali. Nani aliliandika swali? Nani aliamua chaguo ni mbili, kubaki au kuondoka, na si tatu? Mji huohuo, 2014, wakati wa kambi za kudai uchaguzi huru zilizodumu siku 79, waandaaji walitangaza kura ya papo hapo viwanjani mwishoni mwa Oktoba, kisha wakaifuta saa chache kabla haijaanza, wakakiri kwamba hawakuwashauri watu vya kutosha. Kura yenyewe, ambayo ilikusudiwa kuwapa watu sauti, ilikuwa imeamuliwa na wachache. Nilipokisoma kisa hicho nilihuzunika, maana nia ilikuwa njema kabisa.

Kwa hiyo simu itumike kukubali au kukataa jambo ambalo limeshajadiliwa uso kwa uso na maneno yake yamebandikwa siku kadhaa. Isitumike kuwapeleka watu mbele.

Msomaji Kimya (#8)

Huwa sichangii ila leo nimeona nitie neno. Mmesahau wapelelezi. Mwafaka ni mtego. Ikiwa mtu mmoja anaweza kuzuia, dola inahitaji kutuma mtu mmoja tu. Na hata asipozuia, anaweza kuchosha watu kwa maswali mpaka waache kuja.

Mwanabaraza (#9)

Ndugu Msomaji, umegusa penye maumivu. Yupo mfano uliothibitishwa: Mark Kennedy, askari polisi wa Uingereza aliyeishi kwa jina la Mark Stone kati ya wanaharakati wa mazingira kwa takriban miaka saba, mpaka wenzake walipomgundua mwaka 2010. Kesi ya wanaharakati waliotaka kuingia kituo cha umeme cha Ratcliffe-on-Soar ilianguka Januari 2011 baada ya nafasi yake kujulikana.

Unajua kilichomfanya akubalike haraka? Alikuwa na gari, alikuwa na fedha, na alikuwa na muda. Daima yupo. Alikuwa akilipwa kuwa na vitu vile vile ambavyo wanaharakati wa kweli huvikosa. Vuguvugu linalompa uzito yule aliyepo kila siku limempa mpelelezi nafasi kabla hajaiomba, hata kama hakuna mwafaka wowote, hata kama kila kitu ni kura ya wingi.

Kuhusu pingamizi la mtu mmoja, inafaa tukumbuke lilikotoka. Waquaker, dhehebu la Kikristo lililoanzia Uingereza, wameamua mambo yao bila kupiga kura tangu karne ya 17. Karani husikiliza, kisha huandika kile anachoona ndio msimamo wa kikao na kukisoma palepale, waliopo wakakikubali au wakakirekebisha. Kwao mtu akizuia, anazuia mbele ya watu aliofahamiana nao kwa miaka, atakaokaa nao tena wiki ijayo, na yeyote anaweza kumwambia kwa upole ajiweke kando. Kuzuia kuna gharama. Ukichukua utaratibu huo ukaupeleka kwenye kiwanja chenye watu elfu mbili wasiojuana, umechukua haki ya kuzuia ukaiacha gharama yake nyuma.

Madrid waliliona hilo mwaka 2011. Kambi ya kiwanja cha Puerta del Sol ilianza baada ya maandamano ya 15 Mei, na mkutano wao mkuu ulitaka kila mtu akubali. Hata suala la kuondoka kiwanjani likawa gumu kupita, watu wamechoka, na wachache hawataki. Hatimaye kambi iliondolewa tarehe 12 Juni. Lakini tayari mwishoni mwa Mei walikuwa wameanza mikutano ya mitaa, na huko ndiko vuguvugu lilikopata pumzi ya kuendelea. Mtaani watu wanajuana. Pingamizi la jirani unaweza kulifuata kesho yake ukamwuliza hasa anaogopa nini.

Jembe Kali (#10)

Haya mkuu, nimekuelewa, na la mpelelezi limenifikirisha. Lakini bado hujajibu swali la mtu wa kazi. Mamlaka inakuja na ofa. Jibu linatakiwa kesho asubuhi. Wewe una mitaa, una vikundi, una siku kadhaa za kubandika maneno ukutani. Utafanyaje?

Mwanabaraza (#11)

Hilo ndilo swali gumu kuliko yote, na kuna watu walilipia jibu lake. Clamshell Alliance, muungano wa wanaharakati wa jimbo la New Hampshire, Marekani, walikuwa wakipinga ujenzi wa kinu cha nyuklia Seabrook. Walijigawa katika vikundi vidogo vya watu wanaoaminiana, kila kikundi kikijadili chenyewe na kumtuma msemaji kwenye baraza. Msemaji hana maoni yake pale, anabeba ya kikundi, na jambo jipya likizuka anarudi kuuliza. Kati ya 30 Aprili na 1 Mei 1977 walivamia eneo la ujenzi, watu 1,414 wakakamatwa, wengi wakashikiliwa majuma mawili kwenye maghala ya jeshi. Hata humo waliendelea kukutana na kuamua kwa vikundi. Ulikuwa ushindi mkubwa wa utaratibu wao.

Mwaka uliofuata mwanasheria mkuu wa jimbo akawapa ofa: badala ya kuvamia, fanyeni mkusanyiko halali kwenye eneo hilohilo. Muda ulikuwa mfupi. Kamati ya uratibu ikakubali kabla vikundi havijajadili na kurudisha jibu. Juni 1978 mkusanyiko ukafanyika, wakaja maelfu ya watu, wengi kuliko kwenye uvamizi wowote uliotangulia. Kwa macho ya nje umefana. Ndani, muungano ulipasuka, kundi moja likajiita watetezi wa demokrasia ya Clamshell, wengine wakaenda zao, na haukurudi tena kuwa ulivyokuwa.

Wengi husema kosa la kamati lilikuwa kukubali ofa. Mimi sioni hivyo, pengine ofa ilikuwa nzuri. Kilichowaumiza ni kwamba hawakuwa wamekubaliana mapema nani anaweza kujibu nini kwa haraka. Aliyekuja na ofa ndiye aliyepanga saa. Ukikubali saa yake, umeshaachia nusu ya uamuzi.

Kwa hiyo jibu langu, Jembe Kali, ni kwamba uamuzi wa dharura unafanywa kabla ya dharura. Mnakaa mkiwa watulivu mnaandika: kamati inaweza kubadili njia ya maandamano, kuahirisha kwa siku moja, kuita wanasheria. Haiwezi kusaini makubaliano, kufuta tendo lililoamuliwa na wote, wala kuzungumza na mamlaka bila watu wawili wengine kusikiliza. Ofa ikija na saa ya kesho asubuhi, jibu la kwanza la mjumbe ni kuomba siku tatu. Mara nyingi mamlaka hupata siku hizo ikizihitaji yenyewe.

Na mfano ninaouheshimu kuliko yote ni Sudan. Kamati za upinzani za mitaa zilikuwapo tangu miaka ya maandamano yaliyomwondoa Rais Omar al-Bashir mwaka 2019. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya 25 Oktoba 2021 zilishika msimamo wa hapana tatu: hakuna mazungumzo na wanajeshi, hakuna ushirika nao, hakuna kuwapa uhalali. Wengi walidhani hawa ni watu wa "hapana" peke yake. Lakini Februari 2022 kamati za Khartoum zikatoa rasimu ya mkataba wa kuweka mamlaka ya wananchi, ikapelekwa mitaani ijadiliwe, irekebishwe, irudishwe. Watu waliokuwa wakipigwa risasi kwenye maandamano walikuwa wakikaa kuhariri ibara. Ilichukua muda mrefu, na kuoanisha maandishi ya Khartoum na ya majimbo mengine kulikuwa na mivutano yake. Vita vya Aprili 2023 vikaja vikavuruga kila kitu. Hata hivyo wengi wa watu hao hao ndio walioanzisha vyumba vya dharura vya kulisha na kutibu majirani zao, kwa sababu tayari walijua nani yupo mtaa gani na nani anaaminika na fedha. Sijui shule nzuri kuliko hiyo ya kuamua pamoja.

Kijana wa Mtandao (#12)

Nimekuelewa mkuu. Swali moja la mwisho: sasa kikao cha usiku tukifute kabisa? Maana kuna mambo yanayoiva watu wakishachoka na kuacha kujionyesha.

Dada wa Zamu (#13)

Naomba nimjibu kijana, kaka Mwanabaraza atanisahihisha.

Msikifute. Kaeni hata mpaka asubuhi kama mnaona mnajenga jambo. Sisi baadaye tulikubaliana hivi: kinachosemwa baada ya saa ya kufungwa ni pendekezo, hata kama wote waliopo wamelikubali kwa mikono miwili. Kinaandikwa siku hiyohiyo kwa maneno mafupi, pamoja na majina ya waliokuwapo, kinatumwa kwa wote, na katika kikao kijacho kinakuwa cha kwanza kwenye ajenda. Asiyeweza kuja anaandika neno lake na linasomwa kabla ya mtu yeyote kuzungumza. Uamuzi uliopita hauwezi kufunguliwa tena usiku uleule, na kuufungua siku nyingine kunahitaji idadi ya watu isiyopungua ile iliyoupitisha.

Mwanzoni wale wa usiku walilalamika kwamba tunawapunguzia kasi. Kweli tuliwapunguzia. Lakini siku ya kusimama mbele ya nyumba kuzuia watu wasitolewe vitu nje, walikuja hata wale ambao hawakuwahi kukaa kikao kizima, kwa sababu karatasi ile walikuwa wameisoma wenyewe.

La watoto tumelirudisha. Safari hii lipo namba moja kwenye ajenda, Jumamosi asubuhi.